Uzi Mweupe Kwenye Filamu

Khattab alikuwa ameshika kitambulisho cha Ishaq mkono mmoja na funguo za gari mkono wa pili, na hakuna aliyehitaji kuambiwa anakwenda wapi.

"Nampeleka polisi," alisema. "Umekuja kwa heri, Bi Khawla, lakini umechelewa."

"Polisi hawahami," Khawla alimjibu. "Kaa kitako kwanza unipe maji. Jua la Mabela limenikausha koo."

Khattab akakaa. Watu wengi hukaa Khawla akisema kaa. Alifanya kazi ya upelelezi mpaka nywele zikamgeuka, akastaafu kwa heshima zake, na tangu siku hiyo hajapumzika hata wiki moja, maana Waomani tuliotoka Unguja hatutaki kabisa kuamini kwamba mpelelezi wetu anaweza kustaafu. Mkufu ukipotea harusini anapigiwa simu yeye. Mpangaji akihama na feni za mwenye nyumba anapigiwa yeye. Leo alikuwa amepigiwa kwa ajili ya filamu, na hilo lilikuwa jipya kwake, ndiyo maana aliendesha gari kwa pupa kidogo kuliko kawaida.

Ishaq alisimama karibu na mlango wa ghala, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa Tanga, wa makamo, fundi wa mashine za kuonyeshea filamu, na Khattab ndiye kafili wake, mdhamini wa kibali chake cha kazi. Kesi ya wizi ikishaandikwa angerudishwa kwao, na mlango wa Omani ungefungwa nyuma yake moja kwa moja. Mke na watoto waliokuwa Tanga walikuwa wanakula kutokana na mashine ile iliyokuwa pale mezani. Khawla aliyajua hayo bila kuambiwa, kwa sababu aliwahi kuwaona watu wengi wamesimama vile karibu na mlango.

"Nipe mpaka baada ya Alasiri," alimwambia Khattab. "Nikishindwa, nitampeleka mwenyewe."

Khattab alitazama saa, akatazama funguo, kisha akaziweka mezani. Hakuziacha mbali.

Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme ambaye maradhi yake makubwa yalikuwa filamu kuukuu. Alizikusanya zile zilizozagaa majumbani mwa watu tangu majumba ya sinema ya Unguja yalipofungwa, na hii ndiyo iliyomkosesha usingizi: filamu ya mauaji na upelelezi ya rangi nyeupe na nyeusi, iliyotengenezwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, lakini mitaa yake ilipigwa Unguja kwenyewe, enzi za Sultani. Mwisho wa mwezi alikusudia kuionyesha mbele ya ukumbi mzima wa watu.

"Nihadithie," Khawla alisema.

"Mpelelezi mzungu, muuaji mzungu, marehemu mzungu. Mna bibi wa Kiarabu, naye mzungu pia, wamempaka rangi ya kahawia mpaka masikioni."

"Na watu wetu?"

"Wamo. Wamejaa tele. Wanabeba mizigo, wanashika taa, wanapita nyuma ya mabwana wanaozungumza. Filamu nzima hakuna mmoja mwenye jina wala neno." Khattab alisogea mbele, na hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo. "Isipokuwa binti mmoja, mwishoni. Polisi wamekwama, hawajui nani kaua. Huyo binti anatokea na kanga yake, anasimama katikati yao, anasema kwa Kiswahili, kisha anamnyooshea kidole muuaji. Basi. Kiasi cha mtu kuzuia pumzi. Sauti mbovu, nusu ya maneno sikuyadaka, lakini Bi Khawla, wallahi mwili ulinisisimka. Nimetazama filamu za aina ile tangu utoto wangu na sijapata kuona mtu wa kwetu akiulizwa kitu, sembuse akijua jambo wao hawalijui."

"Na kipande hicho ndicho kilichoibiwa."

"Hicho hicho. Yote mengine yameachwa."

Ishaq alikohoa. "Mama, naomba niseme."

"Sema, mwanangu."

"Mimi sijakigusa. Wiki iliyopita mzee aliwaita wageni waje watambue mitaa. Tukacheza filamu mpaka mwisho, Magharibi ikaadhiniwa. Jana mzee akataka tena. Tulipofika mwishoni mashine ikakwama, ikaanza kutafuna. Nikaitoa, nikakuta hivi."

Alimpa Khawla kipande kidogo kilichokatwa, chenye urefu wa kidole. Khawla alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Filamu ilikuwa imekatwa kwa mkasi, safi, baina ya picha na picha. Ncha mbili zilikuwa zimelaliana, na zilikuwa zimeshonwa. Uzi mweupe mwembamba ulipita ndani ya vitobo vya pembeni, kimoja baada ya kimoja, ukazunguka kila kitobo na kuvutwa sawasawa, na fundo lake halikuonekana upande wowote.

"Amekata akauze kwa wenye maradhi kama yangu," Khattab alisema. "Kisha akapitisha uzi kuficha."

"Wewe huwa unaunga kwa nini, Ishaq?"

"Kwa gundi na kibanio, Mama. Vyote viko kwenye droo hiyo. Ningetaka kuiba ningeunga vizuri, mzee asingejua mpaka kiama."

Khawla alivuta droo. Gundi ilikuwemo, kibanio kilikuwemo. Alirudisha droo, akamtazama Khattab kichwani kwa muda ambao si wa adabu sana.

"Hebu vua kofia."

"Ati nini?"

"Vua kofia, Khattab. Nani kakushonea?"

"Mama yangu, Mungu amrehemu," Khattab alisema, akaivua. Ilikuwa kofia ya viua, ile ya kazi ya mkono, imejaa vitobo vidogo kila kimoja kimezungushiwa uzi. Khawla aliiweka mezani, akaweka kipande cha filamu pembeni yake. Wote watatu wakainama. Hata mtoto wa shule angeona: uzi ulizunguka vile vile na kuvutwa vile vile.

"Huyu ni mwanamke anayeshona kofia," Khawla alisema. "Ameona vitobo, mkono ukajua la kufanya. Sasa niambie, Ishaq. Filamu ikishachezwa, kipande cha mwisho kinakuwa wapi?"

"Juu kabisa, Mama. Gurudumu linajazwa, mwisho unabaki nje. Mpaka niizungushe upya ndiyo mwanzo unarudi juu."

"Na siku ile uliizungusha lini?"

"Asubuhi yake. Ilipokwisha niliweka gurudumu mezani, tukaenda kusali."

"Basi mtu alikuta kipande kile juu, kinamngojea. Hakuhitaji kujua mashine, alivuta tu kama mtu anayevuta uzi kwenye kidonge chake. Khattab, Ishaq alisali wapi?"

"Msikitini hapo ng'ambo. Pembeni yangu."

"Bega kwa bega?"

"Bega kwa bega."

"Na baada ya sala?"

"Tulisimama nje tukizungumza. Unawajua wazee wa Unguja wakianza kukumbushana mitaa. Ishaq alikuwa anatugawia maji."

Khawla alimwacha ayasikie mwenyewe masikioni mwake, akanywa maji yake taratibu. "Nani alibaki ndani?"

"Wanawake walikuwa wawili tu. Hajar, yule mwalimu wa chuo wa Bawshar, na mama yake." Khattab akashika kidevu. "Hajar. Sasa nakumbuka, huyo alinitolea maneno mazito. Taa zilipowaka tu akasema filamu hii ni matusi, watu wetu wamefanywa fanicha, isionyeshwe popote."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikasema nitaionyesha, na uso wa yule binti nitaupiga chapa mabango makubwa, niyasimamishe barabara kuu yote kuanzia hapa mpaka Ruwi. Kisha tukaenda kusali."

"Na mama yake?"

"Mtu mzima sana, karibu tisini. Alikaa kimya mwanzo mpaka mwisho. Hata sikumuuliza kitu."

Khawla naye hakuuliza zaidi. Macho ya umri huo, alijiambia, hayatungi sindano. Tumsamehe, mtu akishapata jina la mwalimu mwenye hasira haangalii tena pembeni.

Nyumba ya Hajar ilikuwa moja ya zile nyumba nyeupe za Bawshar zilizopangana nyuma ya maduka makubwa. Hajar alimpokea mlangoni kwa mabusu na mashaka, akamwingiza ukumbi wa wanawake. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kusikika mpaka viti vya nyuma. Dirishani, kwenye kochi, alikaa mama yake, Bi Kheiria, miwani puani na kazi mapajani.

"Shikamoo, Bi Kheiria."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa nani wewe?"

Khawla akajitaja, akamtaja baba na babu, mpaka bikizee akampata. Kisha akamgeukia Hajar na kumwambia kilichomleta, bila kuzunguka.

Hajar alicheka, lakini si kwa furaha. "Khattab anadhani mimi nimekata filamu yake?"

"Ulisema isionyeshwe."

"Nimesema na nitasema tena. Nimezisomesha filamu za namna ile miaka chungu nzima. Mtaa wetu, nyumba zetu, jua letu, halafu sisi wenyewe ni vivuli ukutani. Mzungu anapakwa rangi aitwe Mwarabu, na Mwarabu mwenyewe kasimama nyuma anashika farasi. Kwa mkono wangu ningeichoma nzima, Bi Khawla. Lakini kile kipande?" Sauti ikashuka. "Kile kipande ndicho pekee chenye mtu. Sijui binti yule alikuwa nani, sijui walimtoa wapi. Alivyosimama pale, nilisahau kupumua. Nikikata filamu ile, nitakata yote nibakishe hicho."

Khawla alimwamini. Alikuwa amehoji waongo maisha yake yote, na huyu hakuwa mmoja wao. Na akaona jambo ambalo alipaswa kuliona kule Mabela: aliyekata aliacha matusi yote mahali pake, akaondoa heshima peke yake. Mwenye hasira hafanyi hivyo. Mwizi wa kuuza angefanya, lakini mwizi hashoni.

"Unajua kushona kofia, Hajar?"

"Mimi? Kifungo kikikatika nakipeleka kwa fundi. Ngoja nikuletee kahawa."

Hajar akaenda jikoni. Ukumbi ulikuwa kimya, kipoza hewa kinanguruma, na katikati ya kimya kile Khawla akasikia mlio mdogo sana, wa sindano ikitoboa kitambaa kilichotiwa wanga. Akageuza kichwa.

Bi Kheiria alikuwa anashona kofia. Vidole vilikuwa vimepinda kwa umri, lakini sindano iliingia pale pale ilipotakiwa, ikazunguka kitobo, ikavutwa. Hakuwa hata anaitazama.

Khawla aliinuka, akaenda kukaa karibu yake. Alitoa kile kipande cha filamu kwenye mkoba, akakilaza juu ya goti la bikizee.

"Bi Kheiria, mshono huu wa nani?"

Bikizee alikiokota, akakisogeza kwenye miwani, akakigeuza upande wa pili kutafuta fundo.

"Mshono mzuri," alisema.

"Mzuri sana."

"Mashine imeukubali?"

"Imeutafuna."

"Haya." Alionekana kusikitika kweli, kama mshonaji aliyerudishiwa nguo. "Nlidhani utapita. Nimekata kitu cha mtu, mwanangu, niache kimefumuka?"

Khawla alikuwa na maswali yamepangana, moja nyuma ya jingine, kama kawaida yake. Yote yakamtoka kichwani, likabaki moja. "Kwa nini, Bi Kheiria?"

Bikizee akachoma sindano kwenye kofia, akaiweka pembeni.

"Walikuja na mashine zao wakaufunga mtaa wetu," alisema. "Mie nlikuwa mwari, sitoki. Nikakaa dirishani juu, nikawatazama siku zote walizokuwepo. Wanarudia, wanarudia, wanarudia. Hadithi yao nikaijua kuliko wao. Nani kaua, kapita wapi, kisu kakitia wapi. Siku ya mwisho wakataka binti apite na sinia la kahawa. Baba yuko shamba. Jirani kanivuta mkono, nikajitia kanga, nikaenda."

"Kupita tu na sinia."

"Nipite tu, basi. Yule bibi wao wa kupakwa rangi ndiye aseme la mwisho. Jua siku ile, usiombe. Rangi ikamchuruzika mpaka shingoni, nusu ya uso yeye, nusu mtu mwingine. Wakampangusa, wakampaka, inachuruzika. Jua linataka kuchwa, meli yao inawangoja. Yule bwana mkubwa wao akahangaika, akatazama huku na huku, kisha akanishika bega akanisimamisha mahali pa yule bibi. Akaniashiria niseme. Hakunambia niseme nini. Angenambiaje, na lugha hatuelewani?"

Khawla alimtazama usoni, kwa makini.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mie. Mkalimani wao kanambia pale pale, usijali, wewe utakatwa, kwao watampiga tena yule bibi. Nikashukuru Mungu, maana baba angejua pangekuwa hapatoshi. Nikaolewa, nikazaa, tukahamia huku, nikazika, na miaka yote hiyo nnajua nimekatwa. Juzi juzi mwanangu kanambia twende tukatazame mitaa ya kwetu. Nimekaa pale, nnaitazama mitaa, mara nnajiona. Kanga imenianguka mabegani, nywele wazi." Aligusa mtandio wake. "Kisha yule Khattab anasema atanibandika barabarani, kila mwenye gari anipite akinitazama. Kaka zangu wamekufa hawajui. Marehemu mume wangu kafa hajui. Wanaume wamekwenda msikitini, Hajar kaenda kutia udhu, na mkasi na sindano haviniachi. Nikaona, mie nlikwisha katwa zamani. Nimewamalizia kazi yao tu."

Kishindo cha vikombe kilitoka mlangoni. Hajar alikuwa amesimama na sinia la kahawa, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Mama," alisema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako."

"Ulikuwa."

"Nikakuuliza, umemuona binti yule. Hukunijibu."

"Umemtazama usoni usimjue, mwanangu. Nikujibu nini?"

Hajar aliweka sinia chini, sakafuni, akakaa pale pale kwenye zulia.

Kwa mpelelezi, kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kunywa kahawa, akaaga, akamwambia Khattab kipande kimepatikana na mambo mengine hayamhusu. Lakini Khattab hangekubali nusu ya habari, na Alasiri ilikuwa inakaribia.

"Bi Kheiria," alisema, "kuna jambo hulijui. Mtu mwingine ameshikwa kwa hili. Leo hii anapelekwa polisi."

Bikizee alivua miwani. "Nani?"

"Ishaq, fundi wa mashine."

"Yule aliyeniletea kiti nisalie?"

"Ndiye."

"Yule aliyenifungulia mlango wa gari, kanishika mkono mpaka nikakaa?"

"Huyo huyo. Wanasema amekata akauze."

Bi Kheiria alitazama mikono yake. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Khawla akaona hapo kwamba aibu aliyokuwa ameificha miaka yote ilikuwa ndogo mbele ya hii mpya. "Nimemtia mtoto wa watu kwenye balaa," alisema. "Kwa ajili ya nywele zangu."

"Hukujua."

"Sikuuliza." Akavaa miwani. "Mwite. Na mashine yake aje nayo. Khattab naye aje, lakini huku haingii. Akae majlisi ya wanaume, na kabla hujaniletea yule kijana, kafili wake amwombe msamaha, mie nisikie kwa masikio yangu kutoka hapa."

Walifika Alasiri ikiwa ndiyo kwanza imesaliwa. Khattab alikaa majlisi, kofia ya mama yake kichwani, na Khawla akasimama baina ya vyumba viwili, mlango wazi, akampa habari kwa maneno aliyoyapima: kipande kipo, aliyekikata ni mwenye picha mwenyewe, naye ni mwanamke wa heshima zake, zaidi ya hapo asiulize. Khattab alifumbua mdomo aulize. Akaona uso wa Khawla, akaufumba. Kisha akafanya jambo jema, lazima tumpe haki yake: aliinuka, akaweka kitambulisho mkononi mwa Ishaq na kukifumba na vidole vyake, akasema kwa sauti iliyofika dirishani kwa Bi Kheiria, "Nimekudhulumu, ndugu yangu. Nisamehe kwa ajili ya Mungu. Nilisali pembeni yako nikakuona mwizi."

"Yamekwisha, mzee," Ishaq alisema.

Aliingia ukumbi wa wanawake ameinamisha macho, mashine kifuani, akatoa salamu kwa sakafu. Hajar alikuwa ameshafunga mapazia na kutundika shuka nyeupe ukutani. Bi Kheiria alitoa kopo la biskuti chini ya kochi, akatoa nyuzi, akatoa vitambaa, na chini kabisa akatoa filamu iliyoviringwa vizuri na kufungwa kwa uzi mweupe. Ishaq aliipokea kwa mikono miwili. Aliunga kipande cha filamu tupu mbele na nyuma ili mashine iwe na pa kushika, akaipitisha, akawasha taa, kisha bila kuambiwa na mtu akageukia ukuta wa pili akasimama hapo, mgongo kwao, mkono mmoja tu kwenye mashine.

Shuka ikawaka.

Kwanza walikuwepo wanaume, wengi, wenye kofia ngumu za jua na kaptula zilizopigwa pasi, wanazungumza wote kwa pamoja. Nyuma yao ukuta wa mawe, mlango wa mbao uliochongwa, mpagazi anapita na hana uso. Ni kama zote, Khawla alijiambia. Kisha wale wanaume wakasogea, kama watu wanaosukumwa, na akaingia binti.

Hakuwa mzuri kwa namna ya mabango. Alikuwa mdogo, mweusi kidogo kwa jua, kanga imeteleza mabegani na hakujua imeteleza. Sinia bado lilikuwa mkononi. Alilitazama sinia, akatafuta pa kuliweka, hakupaona, akampa yule mpelelezi mkuu wa kizungu alishike. Na yule bwana, aliyetembea filamu nzima akijua kila kitu, akalipokea akabaki amelishika. Hajar alitoa sauti ndogo gizani. Miaka thelathini ya upelelezi, na hajapata kumuona mtu akiingia mahali pa mahojiano namna ile, kana kwamba wote pale walikuwa wageni wake.

Binti akainua uso. Macho yalikuja moja kwa moja mpaka ndani ya chumba kile cha Bawshar, na miaka yote iliyokuwa katikati haikuonekana kuwa kitu. Sauti ilikwaruza, kisha ikatoka.

"Ni yeye huyu," binti alisema, kidole kimenyooka. "Nimemuona kwa macho yangu. Nimekuwepo hapa siku zote, na nyinyi nyote mnanipita. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Mwisho. Shuka ikarudi nyeupe.

Hajar alikuwa analia waziwazi, kichwa kwenye goti la mama yake. Khawla alikuwa anaitazama ile shuka tupu, na kile alichokisikia kifuani hakuwa na neno lake, labda ni kile mtu anachokisikia akiingia msikiti mkubwa mara ya kwanza na kuinua macho. Na chini yake palikuwa na aibu, maana asubuhi ile ile, kule Mabela, yeye pia alikuwa amempita.

"Irudishe," Bi Kheiria alisema.

Ishaq alipapasa mashine bila kugeuka, akaizungusha, akaishika tayari.

"Sasa geuka, mwanangu."

"Siwezi, bibi. Si vizuri."

"Umeitwa mwizi kwa ajili ya uso ule. Nani ana haki ya kuutazama kama si wewe? Wengine nitafikiria. Wewe geuka."

Ishaq aligeuka taratibu. Akawasha. Wanaume wakazungumza, wakasogea, na binti akaingia na sinia lake, akainua uso. Yule mtu wa Tanga, mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, alimtazama binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, na kabla binti hajasema neno lake pale ukutani, Ishaq akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi," alimwambia.

Na kutoka kwenye kochi, gizani, bikizee akaitikia, "Marahaba."